Kibaba Nisichokichota

Daftari nililolitumia mwaka ule lilikuwa na safu sita, na safu ya kwanza, nyembamba kuliko zote, ilikuwa na kichwa cha neno moja: Mchotaji. Kwa muda wa miezi mitano niliijaza kwa herufi mbili za mwanzo za jina langu, mstari baada ya mstari, nyumba baada ya nyumba, wala hapakuwa na mstari hata mmoja uliokuwa wa kweli.

Naanza na safu hiyo kwa sababu kila nikijaribu kuanza mahali pengine nagundua kwamba najitetea. Nikianza na umri wangu, najitetea kwa ujana. Nikianza na enzi yenyewe, ile ya Mwingereza kati ya vita vikuu viwili vya dunia, najitetea kwa kusema kwamba mtu mweusi aliyepewa daftari la serikali hakuwa na nafasi ya kukosea. Yote mawili ni kweli, na hakuna hata moja lililonishika mkono nikaandika.

Nilikuwa nimerudi kutoka chuo kule Uganda na stashahada ya kilimo, nikaongezewa miaka miwili ya masomo ya juu chini ya mtafiti mmoja Mzungu hapa Dar es Salaam. Mwisho wa miaka hiyo nilitakiwa kutoa andiko langu mwenyewe. Likikubaliwa, ningekuwa mtafiti msaidizi. Lisipokubaliwa, ningekuwa karani. Mtaani kwetu Ilala hapakuwa na mtu aliyewahi kuitwa mtafiti. Mama alilitamka neno hilo kana kwamba ni jina la ugonjwa ambao bado haujajulikana kama unaua.

Suala la utafiti lilikuwa dogo na, kwa macho yangu, zuri. Wanawake wa pwani huchanganya mahindi na majivu ili yasiliwe na fukusi, wale wadudu wadogo weusi wanaotoboa punje. Je, majivu hayo yanafanya kazi kweli, au ni mazoea tu? Tuliteua nyumba kumi na mbili za Kariakoo ambazo huhifadhi nafaka. Kila nyumba ilipewa magunia mawili ya mahindi ya shamba moja: moja tupu, yaani bila majivu, moja lililochanganywa na majivu. Kila Jumatatu ya pili nilipaswa kupita nyumba zote, kuchota kibaba kimoja kutoka kila gunia, kukitia katika kopo lenye alama, na kwenda kuhesabu ofisini.

“Ingiza mkono mpaka kiwiko,” aliniambia bwana mkubwa, maana ndivyo tulivyomwita mtafiti yule. “Chota juu, chota kati, chota chini, changanya. Wewe mwenyewe. Si mtu mwingine.”

“Ndiyo, bwana.”

“Nimekuchagua wewe kwa sababu unajua desturi za watu hawa. Mimi wasingenifungulia mlango.”

Alisema kweli. Desturi nilizijua, na ndizo zilizonishinda Jumatatu ya kwanza, katika nyumba ya kwanza.

Nyumba hiyo ilikuwa ya mjane mmoja mwenye asili ya Kiarabu, mtu mzima, ambaye mtaa mzima ulimwita bi mkubwa. Marehemu mumewe alimwachia duka la nafaka katika chumba cha mbele, na barazani alikaa shemeji yake, mzee mwenye kanzu iliyofuliwa mpaka ikawa laini kama karatasi iliyokunjwa mara nyingi, akiwapimia wateja. Lakini duka lilikuwa la bi mkubwa, na jina lililolibeba lilikuwa lake. Wanawake walitoka Ilala na Gerezani, wakapita maduka mengine sokoni, wakaja kwake, kwa sababu pishi yake ilijazwa mpaka ikachuruzika, na haikujazwa kwa ujanja wa mkono ili hewa ikae mahali pa nafaka. Hakuwa na kibao mlangoni wala bidhaa ambayo wengine hawakuwa nayo. Alikuwa na hilo tu.

Nilipiga hodi nikiwa na makopo yangu mawili.

“Karibu, karibu,” alisema shemeji. “Kaa. Watakuletea.”

Magunia yalikuwa chumba cha nyuma, kando ya uani, ambako wanawake wa nyumba hukaa bila baibui. Mwanamume asiye wa nyumba haingii huko. Nilijua kwamba nilipaswa kueleza: kwamba naomba wanawake wapishe kwa muda, kwamba ni lazima mkono uwe wangu. Niliyapanga maneno hayo kichwani kwa adabu kamili, nikayapanga upya, nikaona kwamba kila nilivyoyapanga yalisikika kama ya mtu aliyesoma akasahau alikotoka. Nilipokuwa bado nayapanga, makopo yalirudi yamejaa, yamefunikwa kwa kitambaa. Nikasema ahsante. Nikafungua daftari. Safu ya kwanza ilikuwa inangoja. Nikaandika herufi zangu mbili.

Baada ya hapo haikuwezekana kufanya vingine katika nyumba ya pili. Kama ningeingia uani kwa watu wa nyumba ya pili, ningekuwa nimekiri kwamba sikuingia kwa watu wa nyumba ya kwanza. Ndivyo nilivyofikiri. Leo naona kwamba hoja hiyo haina maana, lakini siku ile ilikuwa imara kama ukuta, nami niliegemea.

Basi nikawa mtafiti wa barazani. Kila Jumatatu ya pili nilikaa katika baraza kumi na mbili, nikanywa vikombe vya kahawa ambavyo sikuvihesabu, nikaletewa makopo. Jirani na bi mkubwa alikaa fundi cherehani mmoja ambaye hakuwahi kuniacha nipite bila neno.

“Msomi wa fukusi!” aliniita kutoka nyuma ya cherehani yake. “Leo umekuja kuwaangalia wanao?”

“Nimekuja kuwahesabu, fundi.”

“Na ukishawahesabu unawatoza kodi ya kichwa?”

Baraza zima lilicheka, nami nilicheka pia, na kwa kucheka huko niliona kwamba kazi inakwenda vizuri.

Na hesabu zilikuwa za kupendeza. Katika nyumba kumi na moja, makopo ya magunia matupu yalijaa fukusi na punje zenye matundu, na kila mwezi yalizidi. Makopo ya magunia ya majivu yalikuwa karibu safi. Nilichora mistari miwili kwenye karatasi ya miraba; mmoja ulipanda kama ngazi, mwingine ulilala. Bwana mkubwa aliitazama karatasi hiyo kwa muda mrefu, akaniambia kwamba huenda ikachapishwa, na jina langu likawekwa chini ya lake. Nilitoka ofisini nikatembea mpaka Mnazi Mmoja bila kuona watu.

Nyumba moja tu iliharibu picha. Kwa bi mkubwa makopo yote mawili yalikuja safi, la majivu na la tupu. Mwezi wa pili, mwezi wa tatu, mwezi wa nne: safi. Mahindi makavu bila kinga yoyote, katikati ya Kariakoo, yasiingie mdudu kwa miezi mitano? Niliandika sababu tatu zinazowezekana pembeni mwa daftari. Kwanza, majivu yalichanganywa kimakosa katika magunia yote mawili. Nikaifuta, kwa kuwa sikuwahi kuona katika kopo la tupu hata lile vumbi la jivu lililosalia kwenye punje za kopo la majivu. Pili, chumba chake ni kikavu kuliko vingine. Nikaifuta, kwa kuwa nyumba zile zimejengwa kwa mtindo mmoja. Tatu, mahindi yale si yetu tena: mwenye nyumba ameyauza ya serikali, akaweka mapya kila yanapopungua.

Palikuwa na sababu ya nne. Sababu hiyo ingeanza na swali la nani alichota, na mimi sikuiandika. Naweza kuapa kwamba sikuifikiria. Siwezi kuapa kwamba sikuikwepa.

Nilimweleza bwana mkubwa hoja zangu tatu kwa mpangilio. Alinisikiliza, kisha akauliza jambo moja tu.

“Una hakika ulichota wewe, kwa mkono wako, kutoka gunia lile lile?”

Daftari lilikuwa wazi mbele yake. Kidole chake kilikuwa juu ya safu ya kwanza.

“Ndiyo, bwana.”

“Basi mahindi yale yamebadilishwa. Nenda na tarishi mkayachukue, na nyumba hiyo tuitoe katika utafiti.”

Tulikwenda siku ile ile, mimi, tarishi wa ofisi, na hamali mwenye rikwama. Ilikuwa saa kumi alasiri, watu wametoka kuswali, baraza limejaa. Tarishi alikuwa mtu wa sauti kubwa na kanzu ya kiofisi yenye vifungo vya shaba, na hakupewa nafasi nyingi za kuvitumia.

“Mahindi ya serikali!” alisema kabla hata hatujaitikiwa salamu. “Tumekuja kuyachukua. Yamebadilishwa.”

Shemeji alisimama polepole. “Yamebadilishwa na nani?”

“Na aliyepewa kuyatunza. Nani mwingine?”

Cherehani ilinyamaza. Mzee aliniangalia mimi, si tarishi. “Mwanangu, wewe ndiye mwenye kazi hii. Ni kweli hayo?”

Ningeweza kusema sijui. Lilikuwa neno la kweli, na lilikuwa tayari mdomoni. Badala yake nilisema, kwa Kiswahili safi cha mtu aliyesoma, “Hesabu ndiyo inayosema hivyo, mzee.”

Magunia yalitolewa. Pazia la mlango wa ndani lilitikisika, na sauti ya bi mkubwa, ambayo kwa miezi mitano nilikuwa nimeisikia ikisema marahaba tu, ilisema bila kupanda, “Chukueni. Ila mkayapete kabla ya kuyala. Hayo ya ndani ya gunia hayajapetwa.”

Nililisikia kila neno. Nilidhani ni dharau. Hamali akasukuma, na magunia yakapita katikati ya watu, mbele ya wanawake waliokuwa wameshika vikapu wakisubiri kupimiwa. Ofisini tuliyaegemeza kwenye pembe ya ghala. Sikuyafungua. Kesi ilikuwa imekwisha, na mtu hafungui gunia la kesi iliyokwisha.

Lililobaki nilikuja kuonyeshwa na mama, naye hakujua kwamba ananionyesha kitu.

Ilikuwa asubuhi ya Jumapili, nipo nyumbani, naandika sura ya mwisho ya andiko langu juu ya meza ya kulia. Jirani alikuja kuomba kibaba cha mahindi. Mama huhifadhi mahindi yake kwa majivu, kama wanawake wote wa rika lake. Alikwenda jikoni, akarudi na chekeche na ungo, akaketi uani mbele yangu, akaanza kuchekecha. Majivu yakaanguka, na fukusi wakaanguka nayo. Kisha akamimina punje kwenye ungo na kupeta, na punje zilizotobolewa, kwa kuwa ni nyepesi, zikapeperuka kwenda kwa kuku.

“Mama,” nilisema, “mbona unachekecha? Si ameomba mahindi tu?”

“Nimpe mtu majivu?”

“Na kama ungekuwa unampa ya gunia lisilo na majivu?”

“Hayo unachota tu, unampa. Hayana vumbi.” Akarusha ungo mara moja zaidi. “Labda awe mgeni wa heshima.”

“Mgeni kama nani?”

“Sijui. Kadhi. Mtu wa serikali.” Akacheka. “Huyo ndiye utamchambulia punje moja moja kwa kucha. Kwani unataka mtu akafungue kopo lako mbele ya Wazungu, wadudu watembee mezani?”

Jirani akacheka naye. Mimi nilikuwa nimeshika kalamu. Nakumbuka kwamba nilitazama wino ukikauka kwenye ncha, na kwamba kwa muda huo wote sauti ya ungo iliendelea: shaa, shaa, shaa. Niliijua sauti hiyo. Nilikuwa nimeisikia nyuma ya ukuta wa kila baraza, kila Jumatatu ya pili, kwa miezi mitano. Ilikuwa ya kawaida mno kwangu hata sikuisikia. Mzungu angeuliza ni sauti ya nini.

Nikaanza kuhesabu, maana ndivyo nilivyo. Nyumba kumi na moja zilipeta makopo ya majivu kwa sababu majivu ni uchafu, na hazikupeta makopo matupu. Basi tofauti yangu nzuri, ile ngazi na ule mstari uliolala, haikuwa kazi ya majivu. Ilikuwa kazi ya ungo. Na bi mkubwa, ambaye adabu yake ilizidi ya wenzake, alipeta yote mawili. Katika nyumba kumi na mbili, yeye peke yake alinitendea sawasawa kwa magunia yote, na yeye ndiye niliyemwita mwizi.

Kesho yake, kabla ofisi haijajaa, niliingia ghalani, nikafungua magunia yale mawili. Nikaingiza mkono mpaka kiwiko. Juu, kati, chini. Mkono ulitoka umejaa fukusi wanaotembea, kutoka gunia tupu na kutoka gunia la majivu vilevile. Nilikaa sakafuni. Nikajifuta kwa leso yangu, kisha nikaifunga tena kamba ya kila gunia kwa fundo lile lile lililokuwapo, kana kwamba fundo lingenisemea.

Ningependa kuandika kwamba nilikwenda moja kwa moja kwa bwana mkubwa. Nilikaa siku tisa. Katika siku hizo nilifikiri njia nyingi za kumsafisha bi mkubwa bila kujichafua. Ningeweza kusema kwamba nilikosea kopo. Ningeweza kusema kwamba chumba chake nimekichunguza upya, ni kikavu kweli. Lakini kila njia iligonga mahali pamoja: mtu angeuliza alipeta vipi mahindi yaliyochotwa na mkono wangu. Jina lake na safu yangu ya kwanza havikuweza kusimama pamoja. Mojawapo lilipaswa kuanguka, na kwa siku tisa niliacha lianguke lake.

Siku ya tisa nilipita sokoni, nikawasikia wanawake wawili mbele yangu.

“Twende kwa Mwarabu yule tupime unga.”

“Kwa bi mkubwa? Mimi siendi tena. Aliyeiibia serikali atashindwa kunipunja mimi?”

“Lakini kipimo chake…”

“Kipimo! Ndiyo maana alikuwa anajaza. Alikuwa anajaza kwa mahindi ya bure.”

Niliwafuata mpaka walipopinda kona nyingine. Sikuwaambia neno. Kisha nikaenda ofisini kwa hatua za haraka, kwa kuwa nilijijua: nikitembea polepole ningepata sababu.

Nilimwambia bwana mkubwa nikiwa nimesimama. Hakupiga kelele. Aliomba daftari, akalifungua ukurasa wa kwanza, akaweka kidole juu ya safu ile.

“Mistari mingapi ni ya kweli?”

“Hakuna, bwana.”

“Hata mmoja?”

“Hata mmoja.”

 Nje, bustanini, mtu alikuwa anakata nyasi kwa fyekeo. “Mimi ningekosea,” alisema mwishoni. “Mimi ningekosea, nisingejua kwamba wanapeta. Lakini wewe…” Hakumaliza. Alinipa kalamu nyekundu, nikakaa pale pale mezani pake nikakata safu yangu mstari kwa mstari, naye akiandika barua zake. Nilipomaliza akaniambia nirudi nyumba zote kumi na mbili, niwaulize wenyewe walivyochota, na niandike majibu yao kama walivyosema. Andiko langu hakulitaja, wala sikuuliza.

Nilianza kwa bi mkubwa, lakini nilichagua saa. Nilikwenda Ijumaa mchana, wakati wanaume wako msikitini na mtaa umenyamaza. Nilijiambia kwamba ni kwa ajili ya heshima yake, ili mambo ya nyumba yake yasisemwe mbele za watu. Nilipiga hodi. Cherehani ya fundi ilikuwa imefunikwa. Sauti ikatoka nyuma ya pazia.

“Nani?”

“Mimi, bi mkubwa. Wa fukusi. Shikamoo.”

“Marahaba.”

“Nimekuja kuomba radhi. Nilikosea. Nimegundua kwamba…”

“Shemeji yangu yuko msikitini.”

“Najua, bi mkubwa.”

“Unajua,” alisema. “Ulipokuja kuchukua magunia hukuja saa hii.”

Nilirudi hatua moja kutoka mlangoni.

“Rudi saa kumi,” alisema, na nikasikia kandambili zake zikirudi uani.

Nilizunguka mpaka saa kumi. Nilifika Gerezani, nikarudi, nikasimama mbele ya duka la vyombo nikitazama sufuria kama mnunuzi. Niliandaa maelezo kichwani, nikayapunguza, nikayaongeza. Nilipofika, baraza lilikuwa limejaa kama siku ile, pengine kuzidi. Nadhani shemeji alikuwa amealika.

“Loo, msomi!” alisema fundi. “Leo huna tarishi?”

“Leo niko peke yangu, fundi.”

“Na rikwama? Au umekuja kubeba pazia kichwani?”

Watu wakacheka, si kicheko cha zamani. Shemeji hakucheka. Alinionyesha kiti, nikabaki nimesimama. Nikaanza kusema. Nilisema kwamba katika utafiti ule kulitokea hitilafu ya uchotaji wa sampuli, ambayo iliathiri ulinganifu wa matokeo baina ya nyumba, na kwamba uamuzi uliochukuliwa kuhusu nyumba hii ulitokana na tafsiri isiyo sahihi ya…

“Huyu anaswalisha au anaongea?” fundi aliuliza.

“Mwache amalize,” alisema shemeji.

“Amalize nini? Hajaanza.”

Ndipo pazia likasogea kidogo, na bi mkubwa akasema kwa sauti ambayo baraza lote liliisikia.

“Mwanangu, sema kama watu. Niliiba, au sikuiba?”

“Hukuiba, bi mkubwa.”

“Nilibadilisha mahindi?”

“Hukubadilisha. Ni yale yale. Nimeyaona.”

“Basi nani alisema nimeiba?”

“Hesabu zili…”

“Hesabu ina mdomo?”

Hakuna aliyecheka. Mteja mmoja mwanamke alikuwa ameshika pishi mkononi, haijajazwa.

“Mimi,” nilisema. “Mimi ndiye niliyesema. Niliandika kwamba nachota mwenyewe, na sikuwahi kuchota. Nilikuwa nakaa hapa nakunywa kahawa. Nyinyi mlikuwa mnanipetea, na mimi nikaandika kwamba ni mkono wangu.”

“Ee,” alisema fundi, polepole, kama mtu aliyeona uzi ulikokatikia. “Kwa hiyo alikusafishia, ukamwita mwizi kwa kuwa ni safi.”

“Ndiyo.”

“Na Mzungu wako anajua?”

“Anajua.”

“Amekupiga?”

“Hakunipiga.”

“Angalau angekupiga,” alisema fundi, akageukia cherehani yake, na nadhani alisema kwa huruma, maana hakunitania tena siku ile.

Nilitoa daftari jipya. Nikamwomba bi mkubwa anieleze alivyokuwa akichota. Alinieleza kutoka nyuma ya pazia kwa utaratibu ambao mimi sikuwa nao: gunia la majivu alichekecha mara mbili na kupeta mara moja, gunia tupu alipeta, kisha akachambua kwa mkono yeye mwenyewe, hakumwachia binti, kibaba alikichota juu tu, kwa kuwa mgongo wake ulikataa kuinama. Niliandika kila neno. Nikamuuliza kama anakumbuka ni gunia lipi lililokuwa na wadudu wengi.

“Mwanzoni lile tupu,” alisema. “Kuanzia mwezi wa tatu yalikuwa sawasawa. Yale majivu mliyoleta yalikuwa machache. Mimi hutia mara mbili ya vile.”

“Mbona hukuniambia?”

“Hukuniuliza. Ulikuwa unaniamkia, unachukua kopo, unakwenda.”

Mwanamke mwenye pishi akainyoosha kwa shemeji, naye akajaza mpaka ikachuruzika. Wawili niliowafuata sokoni hawakuwapo. Niliwatafuta kwa macho kila uso, nikijua kwamba hawapo, na kwamba kuna wengine wengi kama wao katika mitaa ambayo sitaifikia, na kwamba neno nililolisema hapa kwa dakika moja lilikuwa limetembea siku zote hizo bila mimi.

“Yasome uliyoandika,” alisema bi mkubwa.

Niliyasoma kwa sauti, kuanzia safu ya kwanza, ambapo safari hii niliandika: mwenye nyumba. Alinisahihisha mahali pamoja. Nilikuwa nimeandika kwamba alichambua kwa dakika kumi, akasema ni zaidi ya hapo, ni muda wa kupika wali. Nikarekebisha. Kisha akaagiza niletewe kahawa. Sikustahili, na kukataa kungekuwa kumvunjia heshima mara ya pili, kwa hiyo nikakaa. Watu walirudi kwenye mazungumzo yao, bei ya samli, mvua iliyochelewa. Hakuna aliyeniondoa na hakuna aliyenisemesha. Nilikinywa kikombe kile mpaka machicha, nikakishika mkononi kikiwa kitupu, na nilibaki pale mpaka adhana ya magharibi, kwa kuwa sikujua namna ya kuinuka.